Mkono wa Baraka Ashika Usukani

Wiki iliyopita niliwaacha nimesimama kando ya gari la mafunzo, mkono kwenye mlango, macho yamenitoka. Mwanafunzi mpya alikuwa ameshakaa kwenye kiti cha dereva. Suti ya kijivu, saa nzito, manukato ya kufukuza nzi. Alikuwa yeye.

Aliyechelewa kuingia nitamfupishia. Mimi ni mwalimu wa udereva. Wanafunzi wananiita Mwalimu Breki, kwa sababu gari letu lina breki ya pili upande wangu na mguu wangu hauna aibu. Miaka mitatu iliyopita nilikwenda hospitali kujifungua. Mtoto alikuwa mkubwa. Kichwa kilitoka, bega likakwama. Daktari aliyeingia akiwa bado anamalizia maongezi ya simu alishika kichwa cha mwanangu akavuta kama mtu anayeng'oa kisiki. Mishipa ya bega ikachanika. Mkono wa kulia wa binti yangu haujainuka mpaka leo.

Daktari huyo mji mzima unamwita Mkono wa Baraka. Msicheke. Mimi nilishacheka mpaka nikalia.

Alituambia mkono umelala tu, utaamka wenyewe. Mama mkwe wangu akasema ni jicho la watu. Mume wangu, ambaye anauza vitasa na makufuli na la kwanza kalifunga mdomoni mwake, akasema tumshukuru Mungu mtoto yuko hai. Mimi nikaenda kulalamika kwenye baraza la madaktari. Baraza likazungushazungusha, mwisho likapanga kunisikiliza. Siku yenyewe ilikuwa kesho yake, yaani siku moja baada ya haya ninayowasimulia leo.

Shahidi sikuwa naye. Mkunga aliyekuwepo alihamishwa, na kila nilipomuulizia niliambiwa "huyo hayupo" kwa sauti ya mtu anayefunga dirisha.

Na sasa mheshimiwa mwenyewe alikuwa ndani ya gari langu, anabonyezabonyeza honi kama mtoto aliyepewa filimbi.

Nikaingia. Nikakaa. Nikafunga mlango.

"Wewe ndiye mwalimu?" akauliza. "Nilitegemea mwanamume."

"Mwanamume yupo, daktari. Anafundisha wale wanaokumbuka kufunga mkanda."

Akajitazama kifuani. Akafunga mkanda.

Nilingoja anitambue. Nilikuwa tayari. Maneno ya kumwambia nilikuwa nimeyatunga jikoni, bafuni na kwenye kila foleni niliyowahi kusimama. Akanitazama, akakunja uso kidogo.

"Tumewahi kuonana?"

"Wewe unaona watu wengi, daktari."

"Kweli kabisa. Sura huwa sizikumbuki."

Angezikumbukaje? Mimi alinitazama mahali pamoja tu, na hapakuwa usoni.

Ningeweza kushuka. Bosi wangu angempa mwalimu mwingine, mambo yakaisha. Sikushuka, na msinisifu, haukuwa ujasiri. Nilitaka tu kuona mtu wa namna ile anafananaje akiwa hajui kitu.

Nikaambulia kuona kwamba anafanana na sisi wote, ila yeye hakubali.

"Kanyaga klachi," nikamwambia. "Yote. Sasa ingiza giya ya kwanza."

Akaivuta kwa nguvu. Gari likatoa mlio wa chuma kusaga chuma.

"Usilazimishe. Ikikataa, rudisha, tulia, ujaribu tena."

"Gari lako bovu."

"Asubuhi lilikuwa zima."

Tukatoka. Nasema tukatoka, lakini gari liliruka kama chura aliyekanyaga kaa la moto. Kwenye kona ya kwanza aliingia bila kutazama upande wowote. Mwendesha baiskeli aliyebeba kreti za mayai akapanda kando ya barabara kuokoa roho yake, akatupa matusi ambayo hata mimi nilikuwa siyajui. Nikakanyaga breki yangu.

"Daktari, umemwona yule?"

"Yeye ndiye alitakiwa anione mimi."

Nikalimeza neno hilo. Mtu akitaka kumjua Mkono wa Baraka, dini yake yote imo humo.

Akaniambia amekuja kujifunza kwa sababu dereva wake ameacha kazi. "Watu siku hizi hawana shukrani," akasema. Nikamwonea wivu dereva.

"Halafu nataka nijue haraka," akaendelea. "Kesho siji. Nina upuuzi fulani barazani utanimalizia siku."

Nikatazama mbele. "Upuuzi gani?"

"Kuna mwanamke amenishtaki. Mtoto wake ana mkono mlegevu. Sasa mimi ndiye niliyemuumba?"

"Ulilegeaje?"

"Mtoto alilala vibaya tumboni. Hutokea. Lakini akina mama hawa unawajua wewe mwenyewe. Akizaa mtoto mzima, Mungu mkubwa. Akizaa mwenye kasoro, daktari mbaya." Akacheka. Ilionekana maneno hayo alishayasema mahali pengi na watu wakamchekea. "Ukimchunguza utakuta anatafuta hela tu."

"Umewahi kumtazama?"

"Nani?"

"Huyo mama."

"Nitamwona kesho."

Mwenye kasoro. Hebu niwaambie habari za huyo mwenye kasoro.

Anaitwa Kamanda. Jina lake halisi limeandikwa kwenye kadi ya kliniki, lakini halitumiki, kwa sababu tangu ajue kusema anatoa amri. Mkono wake wa kulia unaning'inia, kiganja kimegeukia nyuma, kama karani anayepokea hongo kwa siri. Kwa mkono wa kushoto anakula, anapiga, anapanda meza, anachora kuta za watu. Juzi alitaka kufungua chupa. Akaibana kwa magoti, akaishika kwa meno, akashindwa. Akaitazama chupa, akautazama mkono wake, akauambia, "Na wewe, fanya kazi!"

Nilitoka nje nikajifanya naanua nguo.

Basi nikiwa nimekaa na mtu aliyemfanya mwanangu agombane na mkono wake mwenyewe, simu ya huyo mtu ikalia. Mikono yake miwili ilikuwa imeng'ang'ania usukani.

"Nishikie," akaamuru. "Weka sauti nje."

Nikaipokea, nikaweka sauti nje.

"Daktari, uko wapi?" Sauti ya mwanamke, inahema. "Mama niliyekupigia habari zake asubuhi. Mtoto ni mkubwa, njia imegoma, amechoka. Naomba uje tumpeleke chumba cha upasuaji."

"Mwongezee dripu ya uchungu."

"Nimeshaongeza kama ulivyosema. Inamuumiza tu."

"Familia imesemaje kuhusu upasuaji?"

"Familia wanataka kawaida. Lakini daktari, mama mwenyewe…"

"Basi. Familia wamesema kawaida, wewe unanisumbua nini? Ongeza dripu. Niko kwenye kikao."

Kikao! Alikuwa kwenye giya ya pili, nyuma ya lori la mchanga.

Lakini mimi sikuwa nasikiliza kikao. Nilikuwa nasikiliza ile sauti. Sauti yenyewe niliitafuta miaka mitatu. Siku ile maisha yangu yalipopasuka, watu wote walipokuwa wametoka chumbani, sauti hiyo ndiyo iliyoninong'oneza sikioni: "Dada, usinyamaze."

Mkunga wangu. Aliyekuwa "hayupo." Alikuwa amerudi.

Simu ikakatika. Mkono wa Baraka akapiga miayo.

"Waoga," akasema. "Wakunga wa siku hizi wote waoga."

Nikawaza: familia gani hiyo ya wapumbavu inayokaa nje ya chumba na kuamua mwanamke afie ndani? Kumbukeni nimewaza hivyo. Kwa mdomo wangu wa ndani, wapumbavu.

Nikakanyaga breki.

"Teremka," nikamwambia.

"Nini?"

"Teremka, zunguka, kaa huku. Naendesha mimi."

"Somo langu halijaisha."

"Limeisha, daktari. Umefeli."

Nadhani hakuna mtu aliyewahi kumwambia neno hilo. Alibaki mdomo wazi, kisha akateremka, kwa sababu lori jingine nyuma yetu lilikuwa linapiga honi na yeye hakujua la kufanya. Kabla hajafunga mlango vizuri nilikuwa nimeshaondoka.

"Unanipeleka wapi?"

"Kazini kwako."

"Nimekwambia niko…"

"Kwenye kikao. Nimesikia. Kikao kimehamia hospitali."

Nilipita kwenye maegesho ya soko, nikatokea nyuma ya karakana ya mabati, nikaingia barabara kuu. Yeye ameshika kamba ya juu ya mlango, miguu inatafuta breki. Na breki ya upande huo ilikuwepo! Lakini hakujua kwamba ipo. Mara tatu aliikanyaga kwa bahati mbaya, mara tatu tukapiga vichwa mbele.

"Toa mguu wako hapo!"

"Unaendesha kama mwendawazimu! Unaniteka! Nitapiga simu polisi!"

"Piga. Waambie mwalimu wa udereva amemteka daktari anampeleka kwa mgonjwa wake."

Hapo ndipo nikamwambia. Sikupandisha sauti.

"Nina binti wa miaka mitatu. Mkono wake wa kulia hauinuki. Ulimvuta wewe, simu yako ikiwa mfukoni inaita tena. Upuuzi wako wa kesho ni mimi."

Kwa mara ya kwanza tangu nimjue, Mkono wa Baraka aligeuka akautazama uso wangu. Aliutazama muda mrefu. Halafu akasema kitu ambacho sitakisahau.

"Lakini unaonekana mtu mwenye akili."

Wasomaji wangu, nilikuwa nakwenda kasi, nyuma yangu kuna basi, mbele kuna mkokoteni wa magodoro. Hiyo ndiyo iliyomwokoa.

Njiani nilijiuliza mara nyingi kama niko sahihi. Nampeleka mwokozi au nampeleka balaa? Pengine mama yule angekuwa salama zaidi Mkono wa Baraka akiachwa nyuma ya lori la mchanga mpaka jioni. Lakini mkunga alisema anataka upasuaji, na kwenye hospitali ile mwenye ruhusa ya kushika kisu ni yeye. Ukiwa na kiu na mlinzi wa kisima ni mlevi, utamwamsha mlevi.

Tukafika. Nilisimamisha gari mlangoni kabisa, mahali pa magari ya wagonjwa. Alitaka kwanza kujinyoosha tai. Nikamshika kiwiko nikamwingiza ndani.

Wodi ya wazazi haikuwa imebadilika. Ukuta wa rangi mbili, sakafu inanuka dawa, benchi ndefu ya mbao iliyolainishwa na makalio ya wanaongoja. Na kwenye benchi hiyo, kapu miguuni, chupa ya chai mapajani, alikuwa amekaa mama mkwe wangu.

Kando yake amesimama mume wangu. Mume ambaye asubuhi aliniaga kwamba anakwenda kupokea mzigo wa vitasa.

Mama mkwe hakunisalimia. Alisema, "Nani kakwambia?"

"Kaniambia nini, mama?"

Kutoka ndani ikatoka sauti ya mwanamke analia, nikaijua. Ilikuwa ya wifi yangu.

Wifi, mdogo wa mwisho wa mume wangu. Katika ukoo ule wote ndiye mtu pekee aliyempenda Kamanda bila kumhurumia. Anamshonea magauni yenye vifungo mbele, vikubwa, vya kufungwa na mkono mmoja. Alikuwa na mimba, ndiyo, lakini niliambiwa atajifungulia kwa ndugu wa mumewe, mbali.

"Mmemleta hapa?" nikasema. "Kwa huyu?"

"Taratibu, Mama Kamanda," mume wangu akasema. "Daktari ni mtu wetu siku zote. Tulijua utakasirika, ndiyo maana…"

Mlango ukafunguliwa. Mkunga akatokea, kilemba kimelowa jasho. Alikuwa amezeeka. Hakuwa na muda wa kunishangaa.

"Upasuaji umeshachelewa," akamwambia daktari. "Kichwa kimetoka, bega limekwama. Niko na mhudumu wa usafi tu. Nahitaji mikono!"

Mama mkwe akaanza kulia. Mume wangu akatazama viatu vyake. Mkono wa Baraka akasema, "Glovu zangu ziko wapi?"

Mimi nikaingia.

Wifi alinishika kwa macho. "Wifi, walinikataza kukwambia," akasema. Hivyo ndivyo alivyo; anakufa na bado anaomba radhi.

"Nyamaza, pumua."

"Shika mguu huu," mkunga akaniambia. "Kunja goti, lilete mpaka kifuani. Zaidi. Usimwachie hata akipiga kelele." Mguu wa pili alikuwa ameushika mhudumu wa usafi, ndoo yake imebaki katikati ya chumba. Mkunga akaweka kiganja chini ya tumbo la wifi akabonyeza. Mkono wa pili ukaingia taratibu, unatafuta bega, unamgeuza mtoto.

Kwenye sinki nyuma yetu, Mkono wa Baraka alikuwa anapambana na glovu. Ya kwanza ilikuwa ndogo. Ya pili ikachanika.

"Mvute!" akapiga kelele. "Sista, mvute kichwa, utamuua!"

"Sivuti."

"Nakuamuru!"

"Sivuti, daktari. Nilishakuona ukivuta."

Nilisikia kitu kimesogea. Hakikuwa mlio, kilikuwa kama mtu anayepita mlango mwembamba kwa ubavu. Kisha mtoto akateleza mzima kwa mpigo, wa bluu, mzito, kimya.

Kimya kile sitaki kukisimulia. Mkunga alimfuta, akamsugua mgongo, akamgeuza, akamsugua tena. Wifi anauliza, "Vipi? Vipi?"

Halafu mtoto akapiga chafya. Akalia kwa hasira, na akatupa mikono yake hewani. Yote miwili.

Nilitazama ile mikono miwili nikaona wivu, wasomaji. Niliona wivu kwa mtoto wa dakika moja. Mkitaka kunihukumu, hukumuni.

Mkono wa Baraka alikuwa amefanikiwa kuvaa glovu zote mbili. Akamsogelea mtoto, akamtazama kwa mbali, akatikisa kichwa kama mtu aliyeridhika na kazi yake, akatoka nje kutoa habari. Nikamfuata.

"Ni wa kiume," akatangaza kwenye ukumbi. "Ilikuwa ngumu, lakini mama na mtoto wako salama."

Mama mkwe akapiga vigelegele mpaka chupa ya chai ikaanguka ikapasuka. Akamshika mikono, akaibusu. "Mkono wa Baraka! Mungu akuzidishie, mwanangu!"

"Ni kazi yetu, mama."

"Mama," nikasema, "glovu hizo unazobusu hazijaloa hata tone."

"Wewe nawe! Hata leo?"

"Hata leo. Aliyemtoa mjukuu wako yuko ndani anaosha damu. Huyu alikuwa anapigana na glovu, na glovu ikashinda. Nimemtoa nyuma ya lori la mchanga, alikuwa anajifunza giya ya pili huku binti yako anakufa. Nikamleta kama mzigo. Ningejua, ningemwacha kwenye kreti za mayai."

Mhudumu wa usafi, aliyekuwa anatoka na ndoo yake, akacheka kwa pua. Hilo ndilo lililomuuma Mkono wa Baraka. Uso ukamvimba. Kuchekwa na mimi alishavumilia, lakini ndoo?

"Umeniteka," akaniambia, kidole usoni pangu. "Umeingia chumba cha uzazi bila ruhusa. Sasa unanidhalilisha. Vizuri. Kesho nitaliambia baraza nani hasa alimuumiza mtoto wako."

"Waambie alilala vibaya tumboni."

"Nitawaambia kwamba nilikubali upasuliwe!" Sauti yake ikajaa ukumbi. "Mapema, kabla hata hujachoka. Sista alisema mtoto ni mkubwa, nikasema sawa, apasuliwe. Muulize mumeo alisema nini!"

Nikacheka. Kweli, nilicheka kwa sauti, kwa sababu uongo wa mtu mkubwa ukiwa mkubwa vilevile unachekesha. Nikageuka kumtazama mume wangu ili tucheke wote.

Kicheko kikabaki changu peke yangu.

Mlango wa chumba ulikuwa wazi. Mkunga alikuwa amesimama pale anafuta mikono kwa taulo.

"Dada," nikamwambia, "mwambie anadanganya."

Akaendelea kufuta mikono iliyokwisha kukauka.

"Dada."

"Mumeo aliulizwa," akasema. "Akatoka nje kupiga simu. Akarudi akasema hapana, mke wangu atajifungua kawaida. Daktari akasema haya, akaondoka zake."

"Na mimi nilikuwa wapi?"

"Ulikuwa kitandani."

"Nimezimia?"

"Hapana. Ulikuwa unaniomba maji. Mlango ulikuwa wazi hivi hivi."

Basi nikaelewa. Nilikuwa pale. Mwili ni wangu, uchungu ni wangu, mtoto ni wangu, akili zangu zote ninazo. Na watu wakafanya kikao mlangoni juu yangu kama watu wanaojadili mlango wenyewe, upakwe rangi au uachwe. Daktari mwenye vyeti ukuta mzima alimuuliza mwenye suruali. Mwenye suruali akaenda kumuuliza mama yake.

"Ulimpigia nani?" nikamuuliza mume wangu, ingawa nilijua.

Alimtazama mama yake, kama kawaida yake.

"Katika ukoo wetu hakuna mwanamke aliyepasuliwa," mama mkwe akasema, lakini sauti ilikuwa imepungua nguvu. "Nilijua mimi? Mimi ni daktari?"

"Na leo, mama? Leo mliulizwa?"

Akainama kuokota vipande vya chupa.

"Waliulizwa," mkunga akasema. "Wakajibu vilevile."

Kwa binti yake wa kumzaa. Na mume wangu amesimama hapo, baba wa Kamanda, anayemvalisha gauni kila asubuhi na kuona anavyouinua ule mkono kwa mkono mwingine ili uingie kwenye nguo. Aliona hayo kila siku, na leo akasema tena hapana. Miaka yote hii nilidhani amenyamaza kwa upole. Nilimdharau daktari kwa moyo wangu wote, nikamaliza dharau yangu yote kwake, na kumbe kulikuwa na mtu wa kumwekea akiba nyumbani kwangu, kwenye kitanda changu, upande wa ukutani.

Mkono wa Baraka alikuwa anavua glovu zake safi, anatabasamu. Alidhani ameshinda.

"Usitabasamu, daktari," mkunga akamwambia. "Ulimuuliza mtu asiyehusika, ukamwacha mwenye mwili. Halafu ukavuta. Hayo ni yako." Akanigeukia. "Dada, walinihamisha kwa sababu nilikataa kusema alilala vibaya. Nimerudi wiki hii. Kesho nitakuja barazani, niseme yote niliyoyaona."

Miaka mitatu nilisubiri sentensi hiyo. Nilitaka kumkumbatia.

"Lakini nikisema, nasema yote," akaendelea. "Sikati kipande. Simu ya mumeo, na alichojibu, na kwamba leo amerudia. Wataandika, na jina lake litasomwa. Bado unataka nije?"

Ndani, mtoto wa wifi alikuwa anatafuta ziwa, anagugumia. Mama mkwe amechuchumaa, vipande vya chupa kiganjani. Tabasamu la Mkono wa Baraka limebaki nusu. Hajui limalizike au lirudi.

Mume wangu akanisogelea, akanishika mkono. Kiganja chake kilikuwa cha baridi.

"Mama Kamanda," akasema. "Nakuomba."

Katika ndoa yetu yote, mtu huyu hajawahi kuniomba kitu.

Nikautazama mkono wake uliokuwa juu ya wangu. Kisha nikamgeukia mkunga, nikafungua mdomo.